Umeme Hauna Magoti

“Samaki wangu, mbasa watupu, watakuwa jikoni saa tano kamili asubuhi, barafu yao haijaanza hata kutoa machozi, na nitawaleta mwenyewe kutoka ziwani kwa baiskeli yangu ya umeme. Nikichelewa dakika moja, meza yangu ya sokoni achukue shemeji Pankras, auzie hata soksi za mguu mmoja.”

Aliyeyasema hayo ni Winifrida, Mama Glorious, akiwa amesimama na kikombe cha togwa mkononi mbele ya kamati ya harusi yenye watu thelathini na mmoja, wiki moja kabla ya ndoa ya Luisa. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenyekiti, Mzee Raimundi, ambaye ni baba mkwe wake, alikuwa ameuliza tu kama kuna mtu anayejua bei ya kabichi wiki ile. Neno kabichi ndilo lililomchoma. Winifrida ni mtoto wa Lundo, kando ya ziwa, na kwake harusi yenye kabichi ni msiba uliokosa maiti.

Kikao kilikuwa uwanjani kwa Mzee Raimundi, kwenye sengu, mahali ambapo wanaume wa ukoo wa Kimatengo tangu zamani hula pamoja na kumaliza mambo yao. Siku hizi wanawake nao wanakaa, na ndiyo maana siku hizi mambo yanaisha kweli. Pankras, mdogo wa mume wake na baba mzazi wa bibi harusi, alikuwa ameketi karibu na sufuria. Yeye ndiye kiongozi wa wasukumaji wa Tubuni, ule mlima wa mwisho kabla ya kuingia Mbinga ukitokea ziwani. Unaitwa Tubuni kwa sababu kila anayeupanda na mzigo hufika katikati akaanza kujutia kitu. Chini yake hukaa wanaume watano wanaosukuma baiskeli za watu hadi juu kwa malipo, na jiwe la sita hukaliwa na Pankras, ambaye kazi yake ni kutaja bei.

Akamuuliza shemeji yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama ameukumbuka Tubuni katika mipango yake.

“Mlima ni habari ya miguu, shemeji,” Winifrida akamjibu. “Umeme hauna magoti. Hizo nyaya zinatoka bondeni zinapanda mpaka hapa kwa Mzee. Umewahi kusikia nguzo inahema?”

Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Katibu wa kamati, mtu asiyecheka kwa sababu analinda mwandiko, akaandika kila kitu kwenye daftari na neno “meza” akalipigia mstari. Usiku ule mumewe, Bernadi, alimaliza kwanza ugali wake, akanawa, ndipo akauliza kwa upole kama na kitanda nacho kimeingia kwenye muhtasari.

Bernadi alikuwa na haki ya kuuliza. Meza yenyewe iko kona ya mlango wa soko la Mbinga, na huwezi kuingia kununua hata kiberiti bila kutazamana na usipa, wale dagaa wa ziwani, mezani kwa Winifrida. Aliipata baada ya miaka kumi na moja ya kuuza chini, kwenye beseni, akirushiwa tope na kila pikipiki yenye haraka na isiyo na haraka. Ndiyo iliyomsomesha Glorious hadi chuo cha uuguzi. Ndiyo iliyoezeka nyumba. Bernadi, akiwa na wenzake, huiita mume mwenza.

Wenyewe walikutana huko huko ziwani, miaka ishirini na minne iliyopita. Bernadi aliteremka na magunia mawili ya maharage ya kuuza, akarudi bila maharage, bila pesa, ila na mchumba. Wiki ya kwanza milimani mchumba alitumbukia kwenye ngolo mara tatu. Ngolo ni yale mashimo yaliyopangana ambayo Wamatengo hulimia milimani ili mvua isiondoke na shamba, na mtoto wa kule hutembea kwenye kingo zake kama mbuzi. Winifrida aliingia shimoni na ndoo ya maji kichwani, akatoka na ndoo, maji yakabaki kwenye maharage ya mama mkwe. Mama mkwe alisema kwamba angalau anajua kumwagilia.

Tangu hapo Winifrida na milima hawajapatana. Kwa miaka alipanda Tubuni na baiskeli ya kawaida, tenga nyuma, na kila mara aliwalipa wasukumaji. Bei haikumuumiza kama maneno. Wasukumaji wale husukuma kwa mikono na kutoa maoni kwa mdomo: tenga limetengenezwaje, samaki wamevuliwa mwaka gani, mwenye samaki ameongezeka wapi. Na sauti ya Pankras ikitokea jiweni nyuma yao, ikiwakumbusha kusukuma taratibu kwa kuwa huyo ni mke wa kaka yake na akivunjika hana spea.

Kwa hiyo alipopokea gawio lake la VICOBA alipanda basi hadi Songea, akarudi na baiskeli ya umeme. Ya bluu, keria pana kama benchi la shule, na kioo kidogo kwenye usukani kinachoonyesha vijiti vitano vya chaji. Mbinga ilishangilia wiki nzima. Baiskeli ile haikuwa na mlio wowote, na mji uliozoea pikipiki kukohoa tangu alfajiri haukujua ufanye nini na kitu kinachopita kimya. Kuku walikataa kukimbia mpaka dakika ya mwisho. Mbwa waliifukuza hatua tatu, wakajisikia wajinga, wakarudi. Askari mmoja wa barabarani aliizunguka mara mbili akitafuta bomba la moshi, akalikosa, akamsalimia mama akaenda zake. Siku Winifrida alipompita Mzee Raimundi kwa nyuma, mzee aliruka mtaro bila fimbo, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka alioposa. Baada ya hapo ikaamriwa kwamba baiskeli ifungwe kopo lenye vikokoto.

Mitaa ya Mbinga ina vilima vyake, na vyote alivipanda ameketi, kitenge hakijasogea, huku akiwapungia wanaosukuma. Jioni alichomeka chaja, asubuhi vijiti vitano vimerudi. Samaki wa wiki hizo za kwanza aliwaagiza kwa lori. Ziwani alikuwa hajawahi kwenda nayo. Safari ya kwanza ikawa hii ya harusi.

Ijumaa saa sita mchana akateremka, mikungu miwili ya ndizi kwenye keria kwa ajili ya mdogo wake, Cuthbert, anayenunua samaki mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, huko Mbamba Bay. Ilikuwa safari ya raha kupita kiasi. Barabara ya lami inashuka kona kwa kona mpaka maji yanaonekana, na Winifrida aliimba tenzi za Kianglikana za utotoni kwa sauti yote, kwa kuwa Wakatoliki wa mumewe hawakuwa wakimsikia. Zaidi ya kilomita sitini, na alipofika na kutazama kile kioo, kilikuwa kimepungua kijiti kimoja tu.

Cuthbert ni mtu anayefunga mtumbwi kwa kamba mbili na bado anaamka kuuangalia. Alikuwa amemwekea dada yake mbasa kumi na mmoja, wakubwa, wa kushikwa kwa mikono miwili, ndani ya friza. Tatizo lilikuwa soketi. Ilikuwa moja tu, na friza ndiyo iliyokuwa imeikalia. Ekstensheni iliungua mwaka juzi na haijafufuka. Cuthbert akataka kuichomoa friza kwa saa tatu ili baiskeli ichajiwe. Winifrida akakataa. Samaki wa harusi ndio wapumzishwe umeme, kwa sababu ya chombo ambacho hakina hata kiu? Kijiti kimoja kimemleta, kijiti kimoja kitamrudisha, vitatu vitabaki vya sadaka.

“Lakini dada, kuja umeteremka,” Cuthbert alisema.

“Barabara ni ile ile, mdogo wangu. Kilomita hazijapunjwa upande mmoja.”

Cuthbert akageukia ndizi zake. Kule ziwani mdogo wa mtu anaweza kubishana na dada yake mkubwa hadi sentensi ya pili, baada ya hapo ni utovu wa adabu.

Msimcheke haraka. Mtu wa tambarare hawezi kufanya kosa hili, maana kwake kwenda na kurudi ni kitu kimoja kweli. Ni mtu aliyeumizwa na mlima magotini kwa miaka ishirini na minne tu anayeweza kuja kuamini kwamba mlima unakaa ndani ya magoti, na kwamba ukiyaondoa magoti umeuondoa na mlima.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi akaondoka, matenga mawili, samaki wamelazwa kwenye barafu na kufunikwa majani ya mgomba. Kijiti cha kwanza kilitoweka kabla harufu ya ziwa haijamtoka puani. Akajiambia kwamba ndicho kile cha kurudi, kimewahi. Cha pili kikaenda kwenye kona ambazo jana aliziimbia. Akaacha kuimba. Cha tatu kilipoanza kupepesa akaanza kupunguza uzito: akatupa maji ya kunywa, akafungua kopo la vikokoto na kulitundika kwenye mti, akavua viatu vyake vya harusi na kuviacha kwa mama muuza maembe kando ya barabara, akimwahidi kumlipia ulinzi. Mama yule alimwuliza kama anakimbia au anakimbizwa. Winifrida akasema vyote viwili.

Saa tatu na dakika arobaini, chini kabisa ya Tubuni, kijiti cha nne kikaisha na baiskeli ikazimika. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilinyamaza tu, na chombo cha kimya kikinyamaza inachukua muda kugundua. Winifrida alikanyaga pedeli mara nne akidhani ni upepo. Kisha akashuka kusukuma. Baiskeli ile pekee ina uzito wa mbuzi wawili, ukiongeza matenga ni zizi zima. Alisogea hatua sita, nayo ikamrudisha nne.

Juu ya jiwe, mita thelathini mbele, alikuwa ameketi Pankras amevaa suti.

Suti ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, viatu vipya, kitambaa mfukoni. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuangalia kreti za soda. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa na subira. Misa ilikuwa saa sita, na alitaka kuona kwa macho yake kama meza yake inapanda mlima au haipandi. Wasukumaji wake watano walikuwa wamekaa mstari mmoja kama wazee wa baraza. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanakitunza kicheko kwanza.

“Shemeji,” Pankras alisema, “umeme hauna magoti, sivyo?”

“Magoti hauna,” Winifrida akajibu akihema. “Usingizi unao.”

Hapo ndipo walipocheka, wote sita, mpaka msukumaji mmoja, Dastan, mwanaume mzima mwenye kitambi na wajukuu, akalazimika kushika mti. Winifrida aliwasubiri wamalize. Kisha akauliza bei. Pankras akasema leo hakuna bei. Leo wasukumaji wamepumzika kwa heshima ya harusi. Alikuwa ameshachagua, alisema, mahali pa kuzitundika soksi.

Winifrida akaiegemeza baiskeli, akafunua majani ya mgomba, akawaonyesha. Mbasa kumi na mmoja, wanang'aa kama sahani za padri. Barafu ilikuwa imeanza kutoa machozi.

“Sawa, shemeji. Meza chukua,” alisema. “Nami nitakaa hapa na samaki wangu. Jioni mshereheshaji atasimama awaambie wageni wa Luisa kwa nini wanatafuna kabichi. Atasema baba wa bibi harusi alikuwa juu ya jiwe, amevaa suti, anawaangalia samaki wa bintiye wakioza.”

Pankras alitazama samaki, akatazama saa, akatazama mlima. Mpaka dakika ile hakuwa ameliona jambo lenyewe lilivyokaa: tangu kwenye kikao alikuwa akiomba usiku na mchana kwamba harusi ya mwanawe ikose mboga. Wasukumaji nao waliligundua pamoja naye, na Dastan akaanza kukohoa kwa namna isiyo ya ugonjwa. Luisa ni mtoto wa kwanza wa Pankras na wa kike pekee. Alipozaliwa, baba yake alipanda Tubuni akikimbia kwenda kuwaambia watu.

Akavua koti. Akakosa pa kuliweka, akamvisha shemeji yake. Kisha akakunja mikono ya shati na kusema maneno ambayo jiwe lile halikuwa limeyasikia kwa miaka tisa: kwamba anasukuma mwenyewe.

Sasa piga picha. Mbele, mama wa miaka hamsini na mbili, pekupeku, ndani ya koti la suti linalomfika magotini, ameshika usukani na kutoa amri. Nyuma, wanaume sita na viatu vipya vya mmoja wao. Walisukuma hatua ishirini na kupumzika, ishirini na kupumzika. Maoni hayakukosekana, ila safari hii yalikuwa yakitoka kwa Winifrida: nani anasukuma kwa tumbo, nani anashikilia tu apate kuonekana kwenye picha, na kwamba shemeji asukume taratibu, akivunjika hana spea. Kwenye kona ya pili tenga la kushoto likainama, mbasa mmoja akachomoka, akaangukia kwenye lami iliyolowa maji ya barafu na kuanza kurudi ziwani. Aliteleza kwa adabu kabisa, kichwa mbele, akishika upande wake wa barabara. Dastan alimfuata akikimbia na kitambi chake, akampita, akamsubiri kwa mbele na kumdaka miguuni kama golikipa. Lori lililokuwa likipanda lilisimama likampigia honi ya pongezi.

Saa nne na dakika thelathini na nane walikuwa juu. Kutoka pale hadi uwanjani kwa Mzee Raimundi ni kilomita sita, nyingi zikishuka. Na betri, labda kwa kupumzika, labda kwa aibu, ikawasha kijiti kimoja. Winifrida hakungoja kijiulize mara mbili. Akapanda. Pankras, ambaye alitakiwa kanisani akiwa mzima, akapanda naye, juu ya matenga, kwa kuwa mahali pengine hapakuwepo.

Waliingia mjini hivyo. Kopo la vikokoto lilikuwa limebaki mtini, kwa hiyo hakuna aliyewasikia mpaka walipompita: mama mwenye koti la kiume, na nyuma yake baba wa bibi harusi ameketi juu ya samaki, ameshika tai yake kwa mkono mmoja na mkia wa mbasa kwa mwingine. Kuku wa Mbinga, kwa mara ya kwanza, walikimbia mapema.

Jikoni wapishi walikuwa wameshakata kabichi ya kwanza. Mzee Raimundi alikuwa amesimama na simu yake mkononi tangu saa nne na nusu, na katibu kando yake na daftari. Winifrida alifunga breki mbele yao, akashuka, akasema “Shikamoo baba,” kisha ndipo akapumua.

“Marahaba,” Mzee alisema. “Saa tano kasoro dakika tatu.” Akainama, akabonyeza samaki kwa kidole, nyama ikainuka. Akamwagiza katibu aandike kwamba meza inabaki ilipo.

Katibu akauliza kama aandike pia waliosukuma. Mzee akamtazama Pankras kutoka kwenye nywele hadi kwenye viatu, akasema hilo halihitaji kuandikwa, litanuka lenyewe. Luisa akatoka ndani na rola kichwani, akamwona baba yake, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama ile suti si ya kuazima. Ilikuwa ya kuazima.

Hakukuwa na muda wa kuoga. Saa sita Pankras alimshika binti yake mkono wakaingia kanisani kwa mwendo wa heshima, na paka wa parokia akawafuata hadi mstari wa tatu. Jioni mbasa waliliwa, mifupa ikabaki mitupu. Mshereheshaji alipompa Winifrida kipaza sauti, alisimama akiwa bado pekupeku na kuwaambia watu kwamba alichosema kwenye kamati hakikufutwa. Umeme hauna magoti. Ila ukifika Tubuni unaazima ya watu. Pankras ndiye aliyeanza kupiga makofi, na waliokaa karibu naye walimwomba asipunge mikono sana.

Siku hizi Cuthbert ana soketi mbili. Winifrida hushuka ziwani mara mbili kwa wiki, huchaji vijiti vyote vitano, na vijiti vitano vikiwa na matenga mawili vinamfikisha kwenye kona ya pili ya Tubuni na si hatua moja zaidi. Pankras amelihamishia jiwe lake hapo. Muuguzi mmoja, Avelina, amenunua baiskeli kama hiyo, na katekista wa kigango cha bondeni naye, na mwalimu mmoja anayesema ataipata mwezi ujao. Viatu vya Winifrida bado viko kwa muuza maembe, ambaye anavivaa Jumapili.

Kando ya jiwe kuna kibao cha mbao, mwandiko wa katibu wa kamati. Kusukuma baiskeli ya kawaida hadi juu ni shilingi elfu mbili. Ya umeme ni elfu tano.